Shajara ya mradi: mikanda ya video ya ukoo wetu, Ngamiani, Tanga

Januari 11: Orodha kabla ya deki

Tulichonacho ni mikanda ya VHS inayokaribia arobaini, kaseti ndogo za Video8 alizoacha mjomba aliyekuwa baharia, rundo la VCD na DVD za harusi, na kopo moja la filamu ya milimita 8 ambalo hakuna anayelijua ni la nani. Vyote vilikaa kwenye sanduku la bati katika chumba cha uani, ambako ukuta hulowa kila masika.

Leo hakuna kilichochezeshwa. Kila kaseti imepewa namba, lebo zimepigwa picha kwa simu kabla gundi haijaachia, na kile kipande cha plastiki mgongoni mwa kaseti ya VHS kimevunjwa ili deki isiweze kurekodi juu yake. Kwenye Video8 huvunji kitu, kuna kidude cha kusukuma tu.

Lebo zenyewe si za kuaminiwa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini sisi Bara tulikaa bila kituo mpaka vituo binafsi vilipoanza mwaka 1994. Deki za Tanga zilikuwa za kuangalizia filamu za kukodi, na mkanda mtupu ulikuwa ghali, basi ukirekodiwa harusi leo, mwakani mtu anarekodia filamu ya karate juu yake na lebo inabaki ile ile.

Mpangilio wa kazi tumeuamua mimi, mama na wifi yangu. Mikanda yenye wazee ambao hawakuacha sauti mahali pengine popote inatangulia, hata kama picha ni chenga tupu. Harusi za karibuni zitasubiri, nakala zake zimetapakaa nyumba nyingi.

Halafu kuna mikanda ya mikesha ya hina na siku za singo (bibi harusi anaposuguliwa mwili), iliyopigwa na wanawake kwa ajili ya wanawake. Sharti la mama: haioni mwanamume, awe fundi, awe kaka. Sharti hilo limegusa mradi mzima, kwa hiyo kama na kwenu lipo, lisemeni kabla hamjampigia fundi simu.

Kopo la filamu linanuka siki. Filamu ya asetati ikianza kuoza hutoa harufu hiyo, na mvuke wake huzichochea filamu za jirani zioze nazo. Limetengwa. Kwenye projekta halipiti, maana filamu ikishasinyaa matundu yake hayalingani tena na meno ya mashine, na itachanika.

Januari 25: Deki

Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Kila deki utakayouziwa sasa ni chakavu. La kuuliza ni imechakaa wapi. Ya kwanza niliipata karibu na Mgandini kwa sh. 60,000. Ilicheza filamu ya Kihindi niliyokwenda nayo ya kujaribia, picha safi kabisa, kisha ikautafuna mkanda. Sikulia. Deki ngeni haipewi mkanda wenye mtu wako ndani.

Fundi wangu wa barabara ya 8 aliifungua nikiwa nimekaa hapo hapo. Rola ya mpira inayoubana na kuuvuta mkanda ilikuwa imekauka na kung'aa, haishiki, kwa hiyo mkanda ukawa unalundikana ndani. Akaikwangua kwa msasa laini. Ilishika siku chache, ikarudia mchezo wake.

"Dada, hii iache iwe ya spea," akasema. "Tafuta iliyokaa kabatini."

Iliyokaa kabatini imepatikana Chumbageni kwa sh. 120,000, yenye hedi nne (vichwa vinavyosoma mkanda). Ilikuwa ya mama mmoja aliyeitunza kwa kitambaa cha kufuma juu yake, na hicho kitambaa kimeikinga na vumbi kuliko boksi la kiwandani.

Usafi wa hedi nauandika kwa kirefu kwa sababu wengi huziua hapo. Ngoma ya hedi kwenye PAL (mfumo wa picha wa televisheni unaotumika kwetu) huzunguka mara 25 kwa sekunde, na vidude vinavyosoma mkanda ni vyembamba, vinavunjika kwa kidole. Pamba za masikio hazifai, nyuzi zake hunasa. Tunatumia kipande cha ngozi laini ya kufutia vioo vya gari, kilicholoweshwa isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 99. Ngozi unaishikilia pale pale isitembee, ngoma unaizungusha taratibu kwa mkono kutoka juu. Usisugue kwenda juu na chini, hedi itang'oka. Spiriti ya kusafishia vidonda tuliijaribu kwanza kwa ajili ya bei. Ina maji mengi, ikaacha unyevu, na deki ikagoma mpaka kesho yake. Isopropili nusu lita ni sh. 15,000, na mpaka sasa haijaisha.

Februari 8: Kutoka deki kwenda kompyuta

Kifaa cha USB cha kunasia picha, sh. 35,000. Kebo, sh. 12,000. Kompyuta mpakato ni ya wifi.

Jaribio la kwanza lilirekodi moja kwa moja kuwa MP4. Faili likawa dogo na la kupendeza mpaka tulipofika ukumbini usiku: nyuso zote zimegeuka mabaka. Kilichotupwa wakati wa kunasa hakirudi, kwa hiyo mpango ule tumeuacha. Sasa tunanasa kwa programu ya VirtualDub bila ubanaji unaopoteza picha, pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, halafu tunahifadhi kwa FFV1 (ubanaji usiopoteza kitu) ndani ya faili la Matroska. Saa moja inakula gigabaiti 30 hivi. Mkanda wa E-180 (wa saa tatu) uliojaa ni karibu gigabaiti 90. Ndugu wamelalamika, wamejibiwa kwamba wao watapata nakala ya simu.

Tatizo lililotukalia ni sauti. Mkanda ukifika saa ya pili, bibi anafunga mdomo na maneno yanaendelea. Mkanda uliochoka hutoa ishara inayoyumba, kifaa kikishindwa kuisoma fremu huiruka, lakini sauti haisubiri. Tulifunga programu nyingine zote, ikapungua kidogo. Tukaondoa kigawanyio cha USB na kuchomeka kifaa moja kwa moja, ikapungua tena. Haikuisha.

Kilichoimaliza ni rekoda ya DVD kuwekwa katikati ya deki na kifaa. Hakuna diski inayoandikwa. Ishara inaingia, inanyooshwa mpangilio wake wa wakati, inatoka. Panasonic DMR-ES10 na ES15 ndizo zinazosifiwa kwa kazi hii. Nimepata ES15 iliyokufa trei kwa sh. 90,000, na trei hatuihitaji. Hata ule mpindo wa juu ya picha, ambapo vichwa vya watu vilikuwa vinainama kulia, umeondoka.

Jambo la mwisho la siku: video ya zamani huchora kila fremu kwa nusu mbili, mistari ya witiri na ya shufwa, ndiyo maana kwenye kompyuta mkono unaopunga unaonyesha mistari kama meno ya chanuo. Faili la kuhifadhi liache hivyo hivyo. Kwa nakala ya simu tunatumia programu ya ffmpeg na kichujio chake cha bwdif kinachoondoa mistari hiyo, inatoka fremu 50 kwa sekunde na mwendo ni laini. Nakala ya kwanza ilikuwa inatetemeka mbele na nyuma kila mtu anapotembea. Nusu zilikuwa zimepangwa kinyume. Ukiona hivyo, badilisha mpangilio wa nusu, usibadilishe kitu kingine.

Februari 22: Mikanda mizima

Karibu nusu ya VHS imeshapita. Utaratibu: sogeza mkanda mbele hadi mwisho, urudishe hadi mwanzo ili ukaze sawasawa, safisha hedi, nasa, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Kaskazi imekuwa kali, chumba kina joto, feni tumeielekeza kwenye deki.

Mkanda ulioandikwa "Lucky Star" ulitupa presha. Lucky Star na Black Star ndivyo vikundi vilivyoipa Tanga jina kwenye taarab, na mama aliapa shangazi alikuwepo siku hiyo. Umefunguka na karate. Wifi akataka kuutoa, nikamwambia uache. Filamu ilipoisha, chenga zikapita, mara vile vinanda, ukumbi, na shangazi kabisa anakwenda kutunza. Waliorekodi juu yake hawakuufikisha mwisho. Tangu hapo hatusimamishi kunasa pale kipindi kinapoisha. Mkanda unaachwa uende hadi plastiki yake ya mwisho.

Machi 8: Kuvu

Mikanda iliyobaki ni ile iliyokuwa chini sandukuni. Ukitazama kwenye kidirisha cha kaseti unaona kingo za mkanda zina unga mweupe, mingine ina nyuzi kama za buibui. Hiyo ni kuvu, na ikiingia kwenye deki inapakaa hedi, kisha mkanda safi unaofuata unapakwa nayo. Mikanda hii imewekwa kwenye mifuko, mbali na mizima.

Ushauri wa kwanza tuliopata mtaani ulikuwa kuianika juani. Tuliujaribu kwa mkanda wa filamu. Kaseti ilijikunja na kuvu haikuondoka, ikawa unga tu. Ushauri wa pili ulikuwa kufuta kwa spiriti huku mkanda ukitembea. Kuvu ikiwa bado mbichi, huo ni upakaji: inasambaa na kunata.

Njia iliyofaa ni ya polepole. Kaseti zimewekwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na mfuko wa silika ya kunyonya unyevu (sh. 20,000 kwa mfuko mkubwa, vile vipakiti vya ndani ya viatu vipya ni vidogo mno). Zimekaa humo wiki kadhaa, silika ikilowa inakaushwa kwenye oveni kisha inarudishwa. Kuvu ikikauka hulala, ikawa vumbi, na vumbi linafutika.

Kwa kufuta tunatumia mashine ya kurudishia mikanda, ile iliyokuwa kwenye kila kibanda cha kukodisha video. Tumepewa bure. Mfuniko wake tumeukata ili mlango wa kaseti ubaki wazi, na vipande viwili vya kitambaa cha kufutia miwani vinaubana mkanda pande zote mbili unapopita. Kitambaa kinabadilishwa kila unapokwenda na kurudi, mpaka kitoke safi. Kazi hii inafanyika barazani, asubuhi upepo ukiwa umetulia, kwa barakoa nzito na glavu. Vumbi la kuvu si la kuvuta, na wifi mwenye pumu hakusogea kabisa.

Baada ya hapo mkanda unahamia kaseti nyingine. Kaseti ya VHS ina skrubu tano chini. Kabla ya kuifungua piga picha, kwa sababu kuna springi na vijirola ambavyo vikiruka utavitafuta mpaka magharibi. Kaseti za filamu za Kihindi zimetoa miili kwa kazi hii. Mkanda mmoja ulikuwa umeshikana wenyewe kwa wenyewe na ukakatika. Tumeunga kwa utepe maalumu wa kuungia, upande wa nyuma usiogusa hedi. Selotepu ya kawaida gundi yake hutoka na joto, ikahamia kwenye hedi.

Deki ya spea, ile ya Mgandini, fundi alikuwa ameitolea rola kutoka kwenye deki bovu nyingine, na hiyo ndiyo inayocheza mikanda iliyowahi kuwa na kuvu. Ile ya Chumbageni haiguswi nayo.

Ndani ya mikanda hii mna mikesha ya hina miwili. Fundi alijitolea kuja kuangalia kama rola inavuta sawa, tukamshukuru na kumwambia angalie kwa filamu. Kwa kweli alielewa haraka kuliko kaka yangu.

Aprili 12: Masika, kazi imesimama

Mvua imeanza kwa hasira. Deki ilionyesha neno DEW na kukataa kumeza mkanda. Si ubovu: ndani kuna kihisio cha umande, na ngoma ikiwa na unyevu mkanda hushikana nayo na kuchanika. Kuna fundi atakayekuambia akikate kihisio. Usikubali. Tuliiacha deki imewashwa bila mkanda mpaka alama ikafutika, lakini usiku ilirudi, basi tumefunga hesabu mpaka kusi ikaushe hewa.

Umeme nao ulikatika mkanda ukiwa umezungushwa kwenye ngoma. Usiuvute. Umeme ulipokawia kurudi, fundi alifungua mfuniko wa juu, akazungusha gia ya mota kwa mkono mpaka mikono inayoshika mkanda ikarudi, ndipo kaseti ikatoka bila kukunjika. Baada ya hapo tumenunua UPS (betri ya akiba), sh. 180,000. Inatupa muda wa kusimamisha na kutoa mkanda, basi, na hilo ndilo tulilolitaka.

Mei 17: Diski, kwa kuwa mvua haizizuii

VCD na DVD za harusi zilikuwa "salama" machoni pa kila mtu. Ndizo zilizotuumiza zaidi baada ya kuvu. Mkanda mbovu hutoa picha mbovu. Diski mbovu hutoa ukimya.

Tazama upande wa lebo kabla ya upande unaong'aa. Kwenye CD tabaka la chuma liko chini tu ya rangi ya lebo, kwa hiyo mkwaruzo wa juu unatoboa data moja kwa moja. Chache zetu ukizishika kwenye taa zinapitisha mwanga kama kichujio cha nazi kilichotoboka, na hizo hazina dawa. DVD chuma chake kiko katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6, zenyewe huteseka zaidi na stika za karatasi zilizobandikwa na mpiga picha. Tulijaribu kubandua stika moja. Usibandue, inakuja na kilicho chini yake.

Upande wa chini ukiwa mchafu, futa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzunguka.

Kunakili DVD kwa kuburuta folda kulikwama kila diski ilipofika pabovu, na kompyuta nayo ikaganda. Programu ya GNU ddrescue imetatua: inachukua kwanza panaposomeka, inaandika ramani ya palipobaki, kisha inarudi kupapambania. Ramani hiyo ndiyo utamu wake, maana unaweza kuihamishia diski kwenye kisomaji kingine na kuendelea pale pale. Visomaji havifanani, cha kompyuta ya zamani ya kaka kilisoma vipande ambavyo kipya kilivikataa.

VCD ni habari nyingine. Filamu yake imeandikwa bila ile ngao ya ziada ya kusahihisha makosa ambayo diski ya data huwa nayo, ndiyo maana faili la .DAT hugoma kunakilika hata deki inapolicheza bila shida. Tumetumia programu ya vcdxrip kuzitoa kama faili za video za MPEG-1. Picha ni 352 kwa 288, na hapo ndipo inapokomea. Kaka alitaka "ziongezwe ubora" kwa programu. Uso wa bibi harusi ukatoka laini kama sanamu ya dukani, na nyusi si zake. Nakala hiyo imefutwa.

Julai 5: Video8 za mjomba

Kusi imetulia, hewa kavu, DEW haijatokea tena.

Kaseti za mjomba zilikuja na kamera yake, Sony aliyoinunua Japani. Haikuwaka. Kamera za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina ugonjwa unaojulikana: kapasita ndogo za kubandikwa huvuja na kula njia za shaba kwenye bodi. Fundi amezibadilisha, sh. 70,000, na amesema wazi kwamba kazi kama hiyo hataki tena.

Ikawaka. Picha ikawa inapanda na kushuka bila kutulia. Tukasafisha hedi, tukabadilisha kebo, tukaipitisha na kuitoa kwenye rekoda ya DVD. Bado. Mama ndiye aliyeuliza kama umeme wa Japani ni kama wetu, na swali hilo, ingawa halikuwa la umeme, lilifungua kazi: Japani walitumia mfumo wa picha wa NTSC, sisi PAL. Mistari 525 badala ya 625, fremu 29.97 kwa sekunde badala ya 25. Kifaa chetu kilikuwa kinaisubiri PAL. Kwenye VirtualDub kuna orodha ya mifumo. Tulichagua NTSC ya Marekani, picha ikatulia, lakini vivuli vyote vikawa weusi mtupu, watu wamekaa chini ya mwembe huwaoni. NTSC ya Japani huanzia weusi chini kidogo kuliko ya Marekani, na katika orodha ile ina mstari wake, wenye herufi J. Tulipouchagua, waliokuwa chini ya mwembe wakaonekana, na mama akaanza kuwataja mmoja mmoja. Tukaweka simu irekodi anavyotaja. Sasa tunafanya hivyo kwa kila mkanda, na faili la sauti linakaa folda moja na video.

Faili za NTSC zinabaki 720 kwa 480. Usizigeuze kuwa PAL kwa ajili ya usawa.

Agosti 16: Nakala, uhifadhi na gharama

Tumenunua diski kuu (hard disk) mbili za nje za terabaiti 4, sh. 330,000 kila moja. Moja iko kwangu, nyingine kwa kaka Raskazone, na wifi amepakia nakala za simu mtandaoni kwa akaunti ya ukoo. Mikanda ya wanawake haimo kwenye diski ya kaka. Imenakiliwa kwenye diski ndogo ya zamani ya wifi, imefungwa kwa nywila, inakaa kwa mama, na nywila anayo mama na bintiye mkubwa. Wifi ndiye aliyenasa yote, mlango umefungwa.

Mikanda yenyewe haijatupwa. Mashine bora ikipatikana kesho, mkanda ndio asili. Imesimamishwa wima kama vitabu, imerudishwa mwanzo, kwenye ndoo zenye silika, juu ya kabati la ukuta wa ndani na mbali na spika. Kinachotakiwa ni unyevu wa asilimia 30 hadi 50, na Tanga hupati hilo bila ndoo. Kipimo cha unyevu sijanunua bado.

Jumla mpaka leo: deki mbili 180,000; kifaa na kebo 47,000; rekoda 90,000; isopropili 15,000; silika 20,000; UPS 180,000; kapasita 70,000; diski kuu 660,000. Ni sh. 1,262,000, mchango wa nyumba tano. Anayeanza leo mwenye mikanda michache isiyo na kuvu anaweza kuacha UPS, kapasita na deki ya pili. Rekoda ya katikati asiiache.

Kopo la filamu limefunguliwa barazani. Filamu imesinyaa lakini haijashikana. Fundi mbao anatengeneza kitanda cha kuipitishia juu ya taa ili tupige picha fremu moja moja kwa kamera, bila meno. Kwenye fremu za mwanzo, kwa lenzi ya kukuzia, naona treni.